Kuotesha Mbegu za Pilipili: Historia ya Ufundi wa Nyumbani

Mbegu ya pilipili haina haraka. Mchicha ukisiwa kwenye udongo wenye unyevu na joto huchomoza baada ya siku tatu au nne, na nyanya mara nyingi hazizidi wiki moja. Pilipili huchukua wiki moja hadi mbili, na zile ndogo kali zinazojiotea zinaweza kukaa mwezi mzima. Sababu imo ndani ya mbegu yenyewe. Kiini cha mche kimezungukwa na akiba ya chakula iliyokakamaa, na mzizi mchanga haupenyi mpaka sehemu iliyo mbele yake ilainike. Ulaini huo huletwa na maji na joto. Kati ya nyuzi joto 25 na 30 za sentigredi kazi huenda vizuri. Chini ya nyuzi 15 karibu isimame kabisa. Ndiyo maana wakulima wa kila zama walitafuta namna ya kuipa mbegu hii joto la kudumu, unyevu usiokatika na hewa ya kutosha, wakitumia vilivyokuwa karibu: tope, samadi, majani, nguo na moto wa jikoni.

Pilipili hoho na pilipili kali asili yake ni bara la Amerika, ambako watu wamezila na kuzilima kwa maelfu ya miaka. Katika Bonde la Mexico, Waazteki na majirani zao walilima kwenye chinampa, yaani mashamba membamba yaliyojengwa kwa tope na majani ndani ya maziwa ya kina kifupi. Kitalu chao kiliandaliwa ukingoni mwa mfereji. Mkulima alizoa tope laini kutoka chini ya maji, akalitandaza juu ya tabaka la majani ya majini, kisha akaliacha likauke mpaka liweze kukatika bila kumomonyoka. Hapo alilikata kwa kisu vipande vya mraba, akatoboa kitundu katikati ya kila kipande kwa kidole au kijiti, akatia mbegu na kuifunika kwa mbolea kavu iliyosagika. Usiku wa baridi kitalu kilifunikwa kwa matete au mabua ya mahindi. Mche ulipokomaa ulinyanyuliwa pamoja na kipande chake cha tope na kupelekwa shambani, mizizi ikiwa haijaguswa. Njia hiyo ingali hai Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987.

Mwaka 1493 Christopher Columbus alirudi Hispania kutoka safari yake ya kwanza, na habari za pilipili zikaingia Ulaya. Katika karne ya 16 meli za Wareno ziliisambaza Afrika na India. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwishazoea pilipili manga ya biashara ya Bahari ya Hindi, ambayo ni mmea mwingine kabisa. Mgeni huyu kutoka Amerika alikuta joto la mwaka mzima na mvua za kutosha, akawa mwenyeji. Ndege walichangia sana. Wanyama wanaonyonyesha huwashwa na ukali wa pilipili, lakini ndege hawausikii. Humeza tunda na kuziangusha mbegu zikiwa nzima chini ya miti wanakotua. Kwa mkulima mdogo hicho kilikuwa kitalu cha bure: miche iliyojiotea kivulini iling'olewa na udongo wake na kuhamishiwa karibu na nyumba. Kufikia karne ya 19, pilipili za Zanzibar na Mombasa zilijulikana kwa majina ya miji hiyo katika masoko ya Ulaya.

Ufundi wa kuziamsha mbegu kabla hazijagusa udongo ni wa kale kuliko safari hizo. Katika sehemu nyingi za Afrika ulezi na mtama vimeoteshwa nyumbani tangu zamani ili kupata kimea cha pombe na togwa. Nafaka hulowekwa, huchujwa, hutandazwa na kufunikwa kwa majani au gunia, hunyunyiziwa maji, kisha husubiriwa mpaka itoe mizizi. Wachagga hutumia kimea cha ulezi katika pombe yao ya mbege, na mpishi wa pombe hutambua kwa kuingiza mkono tu kama rundo limepata joto la kutosha au limeanza kuoza. Huko China, Jia Sixie aliandika katikati ya karne ya 6 namna ya kuandaa mbegu za mpunga: zioshwe, zilowekwe siku tatu, zichujwe, ziwekwe kwenye vikapu vya majani makavu siku tatu nyingine zikiwa na unyevu, na zipandwe pindi chipukizi zinapochungulia. Maji kwanza, kisha hewa na joto: mpango huo ndio unaofaa pilipili pia, kwa sababu mbegu iliyozama majini siku nyingi hukosa hewa na kufa.

Katika nchi za baridi tatizo kubwa lilikuwa joto. Pilipili ikisubiri udongo wa nje upate joto, majira hukatika kabla haijaiva. Wakulima wa mboga wa Ulaya walitumia samadi mbichi ya farasi iliyochanganywa na majani makavu. Samadi hiyo ikirundikwa na kushindiliwa huchemka yenyewe kwa kazi ya vijidudu vinavyoiozesha. Juu yake waliweka udongo laini, wakazungushia mbao na kufunika kwa vioo. Haikufaa kusia siku hiyohiyo, kwa maana joto la mwanzo huweza kuua mbegu; walisubiri siku kadhaa mpaka lipungue. Katika maeneo ya Szeged na Kalocsa nchini Hungaria, yanayojulikana kwa unga wa pilipili nyekundu, vitalu vya namna hiyo ndivyo vilivyowezesha zao la nchi za joto kuvunwa penye majira mafupi ya kiangazi.

Si kila mbegu inashindwa kwa kukosa joto. Mbegu za mbuyu na lukina zina ganda lisilopitisha maji, na zinaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kubadilika. Dawa yake ya nyumbani ni kulikwangua ganda kwa jiwe au msasa, au kuzimiminia maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa na kuziacha humo mpaka kesho yake. Pilipili ikifanyiwa hivyo hufa, maana ganda lake ni jembamba. Mgagani nao una tabia yake: mbegu zilizovunwa leo huota chache, na hufaa zaidi zikihifadhiwa miezi kadhaa.

Uhifadhi wenyewe ni sehemu ya ufundi huu. Katika nyumba nyingi za Afrika mahindi ya mbegu yalitundikwa darini juu ya mafiga, na kunde zilichanganywa na jivu ndani ya vibuyu. Moshi na jivu viliwazuia wadudu, na ukavu wa jikoni uliihifadhi mbegu hai. Mwaka 1990 watafiti J. H. de Lange na C. Boucher wa Afrika Kusini walionyesha kwamba moshi unaweza kuamsha mbegu za mimea ya porini, na mwaka 2004 wanasayansi wa Australia walitambua kemikali moja ya moshi inayofanya kazi hiyo.

Karne ya 19 ilileta kipimo. Biashara ya mbegu Ulaya ilikuwa imejaa udanganyifu: mbegu za zamani zilitiwa rangi zionekane mpya, na mbegu zilizouawa kwa makusudi zilichanganywa na nzima. Mwaka 1869 Uingereza ilitunga sheria dhidi ya hila hizo, na mwaka huohuo Friedrich Nobbe alianzisha kituo cha kupima mbegu huko Tharandt, Ujerumani. Shirika la kimataifa la upimaji wa mbegu, ISTA, liliundwa mwaka 1924. Katika maabara zake mbegu za pilipili huoteshwa juu ya karatasi yenye unyevu au katikati ya karatasi mbili, joto likibadilishwa kati ya nyuzi 20 na 30. Hesabu ya kwanza hufanywa siku ya 7, ya mwisho siku ya 14.

Njia ya karatasi inayotumika leo majumbani ni hiyohiyo bila mitambo. Mbegu hutolewa katika tunda lililoiva kabisa, hukaushwa kivulini na kulowekwa usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu. Kisha hupangwa kwenye kitambaa safi au karatasi laini iliyolowana bila kuchuruzika. Ikikamuliwa kwa vidole isidondoshe maji. Kitambaa hukunjwa, hutiwa ndani ya kopo lenye mfuniko au mfuko, na kuwekwa mahali pa joto la wastani, kama karibu na jiko, mbali na jua kali. Hufunuliwa mara moja kila siku ili hewa iingie na mbegu zenye ukungu ziondolewe. Mbegu 20 zikiwekwa na 15 zikaota, mkulima anajua kiasi cha kusia ili apate miche anayoitaka.

Mzizi unapofikia milimita chache, mbegu hushikwa kwa ganda lake, si kwa mzizi, na kufukiwa kiasi cha nusu sentimita katika udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza. Mchana hutiwa kivuli cha nyasi au makuti, na maji hunyunyizwa kidogokidogo, kwa sababu udongo uliojaa maji huozesha mashina machanga usawa wa ardhi. Baada ya wiki sita hivi, miche ikiwa na majani manne hadi sita, maji na kivuli hupunguzwa kwa siku chache ili ikomae. Huhamishiwa bustanini jioni, ikiwa na udongo wake kwenye mizizi.