Aleji kali ya chakula: namna ya kula bila hatari kwenye bustani kubwa za michezo

Bustani kubwa za michezo, kama vile Disneyland Paris huko Ufaransa na Walt Disney World huko Florida, Marekani, ni fasi watoto wanatamani sana. Jamaa za Wakongomani wanaoishi Ulaya na Marekani nazo hupeleka watoto huko, mara nyingi kisha kuchanga feza kwa muda murefu. Asubuhi ni kupanda mashini za michezo. Saa sita njaa inashika, kila mutu anakula palepale. Kwa mwenye aleji kali ya chakula, saa hiyo ya kula iko na hatari kuliko mashini zote.

Aleji kali ni nini?

Aleji ni pale mwili wa mutu unachukua chakula cha kawaida sawa vile adui na kuanza kupigana nacho. Karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano, soya na ufuta ni kati ya vyakula vinavyoleta shida hiyo mara nyingi. Si kwamba mutu anachagua chakula, tena si sumu wala ulozi.

Kwa mwenye aleji kali, hata kipande kidogo sana kinaweza kuanzisha hali ambayo wanganga wanaita anafilaksi: midomo na ulimi vinavimba, ngozi inawasha na kutoka mapele, mutu anatapika, anapumua kwa shida, damu inakosa nguvu ya kutembea na anazimia. Inaweza kuanza kisha dakika chache tu, na inaweza kuua.

Hatari inapitia wapi?

Kinachodanganya wengi ni hiki: chakula chenyewe kinaweza kuwa sawa, lakini kinachafuliwa jikoni. Viazi vya kukaranga havina ngano. Lakini kama mafuta yaleyale yamekaranga kuku aliyepakwa unga wa ngano, basi ngano imekwisha kuingia mule. Moto wa mafuta hauondoi hatari hiyo. Ni vilevile kwa kijiko cha krema ya barafu: kikitoka kwenye ile ya karanga na kuingia kwenye ile ya vanila, karanga zimehama pamoja nacho. Na saa sita, wakati watu wengi wako kwenye mustari, mupishi anafanya haraka na makosa ni rahisi.

Sheria inasaidia, lakini iko na mipaka

Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 13 Desemba 2014, restora pia zinalazimishwa kujulisha mteja kama chakula kina kimoja kati ya vitu 14 vinavyoleta aleji. Ufaransa, habari hiyo inapaswa kuwa ya kuandikwa. Marekani, sheria ya taifa inahesabu vyakula 9. Ufuta uliongezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Lakini sheria hiyo inahusu maandishi ya kwenye vyakula vya kufungwa, si sahani inayotoka jikoni mwa restora.

Walt Disney World iko na orodha za vyakula kwa ajili ya wenye aleji, na mugeni anaweza kujulisha aleji yake wakati anashika meza mbele ya siku ya kufika. Inaruhusu pia wageni kuingia na chakula chao, ila tu si katika vyupa vya kioo. Kwa mutoto mwenye aleji nyingi, chakula cha nyumbani ndani ya mufuko kinabaki njia moja ya maana sana.

Maswali matatu mbele ya kula

Kusema tu «niko na aleji» hakutoshi. Muzazi anapaswa kutaja chakula chenyewe, kusema kwamba kinaweza kuua, na kuuliza mupishi ao mukubwa wa restora:

1. Ndani ya chakula hiki muko nini, hata katika muchuzi?
2. Mafuta, sufuria na vijiko hivi vinapikia nini kingine?
3. Nani atatayarisha sahani hii peke yake, na itatambulikana namna gani?

Jibu la «nafikiri hakuna shida» si jibu. Kama hakuna anayejua, mutu asile.

Luga nayo inaweza kuangusha mutu. Karanga kwa Kifaransa ni arachide ao cacahuète. Waliojifunza Kiingereza kule Uganda wamezoea kusema g-nuts. Kule Marekani neno linaloeleweka ni peanut. Ni vizuri kuandika neno hilo kwenye karatasi na kuipeleka mupaka jikoni.

Mwezi wa Oktoba 2023, daktari mumoja mwanamuke alikufa kisha kula katika restora moja ya Disney Springs, eneo la maduka na restora huko Florida. Katika mashitaka yaliyofunguliwa mwaka 2024, bwana yake alisema kwamba waliuliza mara nyingi juu ya maziwa na karanga, na wakahakikishiwa. Disney yenyewe ilijitetea kwamba restora hiyo si yake. Kwa hiyo jina kubwa la eneo halionyeshe nani anaongoza jiko.

Dawa inakaa karibu na mutu

Dawa ya kwanza ya anafilaksi ni adrenalini. Iko katika sindano yenye umbo la kalamu, ambayo munganga anaandikia mugonjwa. Wanganga wanashauri kubeba mbili, na zisiachwe ndani ya gari wala hoteli.

Dalili zikianza, sindano inachomwa palepale upande wa inje wa paja, hata juu ya nguo. Kisha kupiga simu: 112 ao 15 kule Ufaransa, 911 kule Marekani. Mugonjwa analala, miguu juu. Kama anapumua kwa shida, anaweza kukaa, lakini asisimame wala kutembea. Kama kisha dakika tano hapati nafuu, anachomwa ya pili. Vidonge vya kutuliza muwasho havichukue nafasi ya adrenalini. Na hata akipata nafuu anapaswa kufika hospitali, sababu shida inaweza kurudi kisha saa kadhaa.

Mambo haya hayaishie kwenye bustani za ngambo. Kwetu sombe inaweza kupikwa na karanga pasipo mutu kuziona kwa macho, na kwenye sikukuu sufuria moja inalisha wageni wote. Mugeni akiuliza sombe imepikwa na nini, hayo si majivuno wala zarau. Anauliza juu ya uzima wake, na mwenye kupika anapaswa kumujibu kweli.