Kutunga Dansi, Kunukuu Dansi

Mwaka 1700, mjini Paris, mwalimu wa dansi aitwaye Raoul-Auger Feuillet alichapisha kitabu alichokiita Chorégraphie. Jina hilo limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la dansi na jingine la kuandika, na kitabu chenyewe kilifanya hivyo hasa: kilifundisha kuandika dansi. Ukurasa ulichorwa kama sakafu ya ukumbi inayotazamwa kutoka darini. Mstari ulionyesha njia ya mchezaji, vialama vilivyopachikwa kwenye mstari vikaonyesha mguu upi unakanyaga, unakunjwa, unaruka au unazunguka, na juu kabisa paliandikwa muziki. Pierre Beauchamp, aliyekuwa amemfundisha Mfalme Louis wa 14 kucheza, alilalamika serikalini kwamba mfumo ule ni wake. Malalamiko yake hayakufua dafu, ingawa wanahistoria leo huuita mfumo huo kwa majina yao wote wawili.

Koreografia, basi, ilianzia kwenye kalamu. Leo mtu akisema video fulani ya muziki ina koreografia nzuri, hafikirii kalamu wala karatasi. Anamfikiria aliyebuni hatua, akazipanga, akawafundisha wachezaji mpaka wakaenda pamoja. Neno ni lilelile, kazi ni nyingine. Anayelitafutia Kiswahili chake lazima kwanza aamue ni kazi ipi anayoitafsiri, na hapo maisha ya Marius Petipa, mtu wa baleti wa karne ya 19, yanamfaa kuliko kamusi yoyote.

Petipa alizaliwa Marseille mwaka 1818, katika nyumba ambayo dansi ndiyo iliyoweka chakula mezani. Baba yake, Jean-Antoine, alikuwa mchezaji na mwalimu wa baleti, na ndiye aliyemfunza. Kaka yake, Lucien, alisifika mapema kuliko yeye: mwaka 1841, baleti ya Giselle ilipochezwa kwa mara ya kwanza Paris, Lucien ndiye aliyecheza Albrecht, mhusika wake mkuu wa kiume. Marius alihangaika kwenye majukwaa ya Nantes, Bordeaux na Madrid, na mwaka 1847 akaenda St. Petersburg kama mchezaji wa kuajiriwa. Hakurudi tena kuishi Ufaransa. Alifariki mwaka 1910 huko Gurzuf, Krimea, baada ya zaidi ya miaka 60 ya kuishi Urusi bila kukizungumza Kirusi vizuri.

Alianza kama mchezaji, akawa mwalimu katika shule ya dansi ya majumba ya maonyesho ya kifalme, na mwaka 1862 baleti ya Binti wa Farao ikamtambulisha kama mbunifu wa kweli. Zikafuata Don Quixote mwaka 1869 na La Bayadère mwaka 1877. Mrembo Aliyelala, iliyopigiwa muziki wa Tchaikovsky, ilitoka mwaka 1890, na miaka mitano baadaye Ziwa la Mabata-Maji, aliyoitengeneza pamoja na msaidizi wake Lev Ivanov. Muda wote huo cheo chake kiliitwa mwalimu wa baleti. Warusi hadi leo humwita mtu wa kazi hiyo baletmeister, neno lisilo na kalamu ndani yake.

Je, Petipa aliandikaje dansi zake? Kwa kweli hakuziandika, si kwa maana ya Feuillet. Nyumbani alipanga vinyago vidogo mezani kama kete, akivisogeza mpaka kundi limkae vizuri machoni, kisha akachora mpangilio kwenye karatasi. Alimpelekea Tchaikovsky maelezo ya urefu wa kila kipande cha muziki na mwendo wake. Lakini hatua zenyewe zilizaliwa katika chumba cha mazoezi, kwenye miili ya wachezaji waliosimama mbele yake. Mchezaji asipozikumbuka, zimekwenda.

Aliyezinasa ni mtu mwingine. Vladimir Stepanov, mchezaji wa St. Petersburg, alichapisha mwaka 1892 mfumo wa kuandika mienendo ya mwili kwa alama zilizofanana na noti za muziki. Alifariki mwaka 1896 akiwa bado kijana, lakini wenzake wakaendelea kukaa mazoezini na kuandika. Nikolai Sergeyev, aliyeongoza kazi hiyo, aliondoka Urusi baada ya mapinduzi na rundo la karatasi hizo, na kwa karatasi hizo Mrembo Aliyelala ikachezwa London mwaka 1921. Tangu mwaka 1969 zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Tazama sasa neno moja linavyobeba watu wawili. Petipa, ambaye hakuandika hatua, tunamwita mkoreografia. Stepanov, aliyefanya jambo lilelile ambalo neno linalitaja, hatumwiti hivyo. Mkanganyiko huu ulionekana Ufaransa kwenyewe. Mwaka 1935 Serge Lifar, aliyeongoza baleti ya Opera ya Paris, alipendekeza neno choréauteur kwa yule anayebuni. Halikushika.

Kiswahili hakihitaji kurithi tatizo hili, kwa sababu vitenzi vyake viko tayari na vimeshatengana. Kazi ya Petipa ni kutunga. Kazi ya Stepanov ni kunukuu, kama wanaisimu wanavyonukuu sauti. Basi tuna utunzi wa dansi na unukuzi wa dansi, mtunzi na mnukuzi, na hakuna atakayewachanganya.

Kutunga kunafaa kwa sababu nyingine ninayoipenda zaidi. Kabla ya kutunga shairi, mtu hutunga shanga: huchukua punje moja moja na kuzipitisha uzini kwa mpango. Darasani mwa baleti, ambako majina ya hatua ni ya Kifaransa, mfululizo wa hatua huitwa enchaînement, yaani mnyororo. Ukitazama Ufalme wa Vivuli katika La Bayadère utaona shanga hizo. Mchezaji mmoja mwenye vazi jeupe anateremka mteremko, anainua mguu nyuma, anarudi, anapiga hatua. Nyuma yake anatokea wa pili na mwendo uleule, kisha wa tatu, mpaka jukwaa la ukumbi wa Mariinsky, St. Petersburg, linajaa wanawake 32. Hatua ni chache na si za kushangaza. Uzi ndio kazi ya Petipa.

Mtu anaweza kupendekeza manju, na ni neno zuri. Lakini manju yumo ndani ya ngoma: anaimba, anaongoza, anajibiwa. Petipa mtunzi alibaki nje ya duara. Wala mtindo, kwa maana ya Sikinde au Msondo za bendi za dansi za Tanzania, si utunzi, maana mtindo ni wa bendi na kila mshabiki anaucheza apendavyo. Kilicho karibu zaidi na kazi ya Petipa ni halaiki ya uwanjani, ambapo kila mtoto ana nafasi yake na hesabu yake, na aliyeipanga hayumo uwanjani.

Dansi nayo ina mshindani: Kenya wengi husema densi. Herufi isizuie jambo. Utunzi wa densi ni sahihi vilevile. Ngoma ndiyo isiyofaa hapa, kwa kuwa ndani yake kuna mdundo, wimbo na mkusanyiko mzima wa watu.

Mwaka 1999 Mariinsky ilifufua Mrembo Aliyelala ya mwaka 1890, Sergei Vikharev akisoma karatasi za Harvard. Karatasi ya ratiba ya onyesho kama hilo ingeandikwa hivi kwa Kiswahili: utunzi wa dansi: Marius Petipa; unukuzi: kwa mfumo wa Vladimir Stepanov; ufufuaji: Sergei Vikharev.