Kelele za Vijana na Funzo la Beni

Oktoba 2024 nilikuwa nyumbani Mtama, msimu wa korosho ukiwa umeshika kasi. Jioni moja tulikaa barazani, wazee watatu, mimi, na mpwa wangu aliyekuja na spika yake ndogo. Akaweka albamu mpya aliyokuwa akiizungumzia tangu asubuhi. Ilianza kwa mngurumo mzito kama wa gari bovu linalopanda mlima, kisha ikafuata sauti ya mwanamume anayekoroma na kupiga mayowe juu ya ngoma za mashine. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Huyo anaumwa, au anaomba msaada?"

Mpwa wangu hakucheka. "Babu," alisema, "huyo ni kitukuu wa fildi mashali wa Mau Mau."

Baraza likanyamaza. Nikagundua kwamba kijana huyu alijua historia ambayo sikuwahi kumfundisha, na kwamba ameipata katika muziki ambao mimi, mwalimu wa chuo kikuu, ningeuzima baada ya dakika moja.

Albamu ile inaitwa The Adept. Ni ya Mkenya Martin Kanja, ajulikanaye kwa jina la Lord Spikeheart, na ameitunuku kumbukumbu ya mama wa bibi yake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepewa cheo cha fildi mashali katika vita vya msituni na ambaye hakutoka msituni hadi uhuru wa Kenya ulipofika mwaka 1963. Bi Muthoni alizitunza nywele zake za msituni kwa miongo mingi, akakubali kunyolewa mwaka 2022, na akafariki Septemba 2023. Kabla ya hapo Kanja na mwenzake Sam Karugu waliunda kundi la Duma, jina litokanalo na neno la Kikuyu lenye maana ya giza, na albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni muziki wa metali uliochanganywa na mitambo, wenye lengo la kujenga hali, yaani giza, hofu na uzito, kuliko kumpa msikilizaji wimbo wa kuimba bafuni.

Lawama za watu wazima dhidi ya muziki wa namna hii ni mbili: kwamba ni kelele, na kwamba ni kuiga wageni. Zote mbili zimewahi kutamkwa katika pwani yetu, juu ya jambo ambalo leo tunaliita urithi.

Turudi nyuma karibu miaka 130. Katika miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuigiza bendi za kijeshi za Wazungu kwa tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride na sare. Wakaiita ngoma hiyo beni, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Vyama vya beni vilikuwa na wafalme, majenerali na makanali wao, na mashabiki waligawanyika kama wanavyogawanyika leo washabiki wa Simba na Yanga. Majina mawili makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Katika miji mingi Marini walijihesabu kuwa watu wa daraja la juu, makarani na waungwana, na Arinoti wakawa watu wa kazi za mikono na wageni wa bara.

Kilichoieneza beni ni Vita vya Kwanza vya Dunia, na hapo historia inapita mlangoni petu. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, huko Mahiwa, si mbali na Mtama, jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilipambana na jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wengi kutoka Nigeria. Upande wa Waingereza peke yake, zaidi ya watu 2,000 waliuawa au kujeruhiwa kwa siku nne. Nyuma ya askari hao walikuwapo wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao cha Kiingereza limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika kambi zao, na hata katika kambi za mateka, askari na wapagazi wa pande zote mbili walikutana na beni. Vita vilipokwisha waliichukua wakarudi nayo kwao: pwani yote, Lindi ikiwamo, na bara hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Tafakari, msomaji, watu hao walibeba nini. Walikuwa wamesikia mizinga, wamezika wenzao njiani, wamebeba mizigo ya vita visivyo vyao. Kisha wakachukua sare, vyeo na tarumbeta za waliowatumikisha, wakavigeuza kuwa vyao. Hapo neno "kuiga" halitoshi kueleza kilichotendeka.

Wakubwa wa wakati ule hawakuona hivyo. Watawala wa kikoloni waliingiwa na wasiwasi kwamba mtandao wa beni ungeweza kuwa njama. Baadhi ya masheikh na wamisionari waliukemea upotevu wa mali na maadili. Hawakukosea katika kila jambo: mashindano yalizaa ugomvi, na watu waliingia madeni ili chama chao kisiaibike. Lakini ndani ya vyama hivyo watu walijifunza kukusanya michango, kuchagua viongozi, kuandikiana barua kutoka mji hadi mji, na kuzikana. Wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, tume ya uchunguzi ilikichunguza chama cha Mbeni pamoja na mambo mengine. Serikali ilijua kwamba ngoma ile haikuwa ngoma tu.

Na giza lenyewe je, ni la kigeni? Wamakonde wana midimu, wachezaji wa vinyago ambao kazi yao moja ni kutisha. Sauti hubadilishwa, uso hufichwa, na hofu inayopatikana ni sehemu ya mafunzo. Babu aliyeuliza kama mwimbaji anaumwa aliwahi, utotoni, kumkimbia mdimu huku akitamani kumwona tena. Nilipomkumbusha, alicheka sana, akamwambia mpwa wangu aongeze sauti kidogo. Kidogo tu.

Lakini kuna jambo linalonikera kama mtu wa historia. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu beni imetoka katika taarifa za maofisa walioiogopa. Wasomi wetu wa mwanzo waliiona ni upuuzi wa wahuni, na mashabiki wenyewe, waliojua kila wimbo na kila ushindi, wengi hawakuandika. Mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza babu yangu alikuwa Marini au Arinoti. Nilipopata akili ya kuuliza, hapakuwa na wa kujibu.

Mpwa wangu anaijua tarehe ya kila albamu aipendayo, aliyepiga gitaa na aliyeacha kundi. Ushabiki wake ni kumbukumbu inayotembea. Nilimwomba aandike: nani Lindi na Mtwara wanausikiliza muziki huu, wanakutana wapi, wanasikia nini ndani yake. Alinitazama kama niliyemtania. "Mjomba, nani atasoma?"

Nilimjibu kwamba wajukuu zake watasoma. Kisha nikamuuliza swali lililonisumbua tangu jioni ile. Kitukuu wa Muthoni ameutengenezea ukoo wake sauti. Mahiwa ni mwendo mfupi kwa bodaboda kutoka pale tulipokaa, na wapagazi waliokufa huko ni wa kwetu. Sauti yao ataitengeneza nani?

Hakujibu. Siku ya tatu alikodi bodaboda akaenda Mahiwa.