Shati, Sketi na Wageni wa Kaskazini
Maneno ya Kiingereza shirt na skirt, yaliyotufikia kama shati na sketi, yana asili moja. Waingereza wa kale waliita vazi moja scyrte, na mwanzo wake ukageuka "sh". Waskandinavia, walioiteka York mwaka 866, walisema skyrta. Wapo watakaodai kwamba neno la pili lililetwa kwa upanga. Sikubaliani nao. Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066 waliacha maneno mengi ya mahakama na utawala, ilhali Waskandinavia waliwaachia Waingereza majina ya yai, kisu na dirisha, hata kiwakilishi they. Maneno kama hayo hupokewa jikoni na katika ndoa, baina ya majirani wanaoelewana nusunusu, kila mmoja na matamshi yake, hadi vazi moja likawa mawili, yakagawana mwili: moja la juu, jingine la chini.