Ubao wa Kila Mtoto: Chuo, Skuli na Utayari wa Watoto Wadogo katika Pwani ya Waswahili

Wanaoandika historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki aghalabu huanza na kufika kwa wamisheni na serikali za kigeni, kana kwamba kabla ya hapo mtoto wa pwani hakuwa akisomeshwa. Chuo cha Kurani, ambacho kilikuwapo kwa karne nyingi, hutajwa kwa maneno machache na kuachwa. Makala haya yanakusudia kutazama jambo moja tu katika historia hiyo: mtoto alipimwaje hata akahesabiwa kuwa tayari kusoma, na mwalimu alifanya nini na mtoto ambaye hakulingana na wenzake. Rai yetu ni kwamba chuo, pamoja na kasoro zake ambazo hatutazificha, kilikuwa na kipimo chema ambacho skuli ilikipoteza, na ambacho elimu ya awali ya siku hizi inakitafuta tena.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha huhifadhi mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Neno *chuo*, ambalo leo hutumika kwa mahali pa elimu ya juu, zamani lilikuwa na maana ya kitabu pia, na *mwanachuoni* ndiye mtu wa vitabu, yaani mtaalamu. Neno *kuhitimu*, ambalo sasa hutumiwa kwa wanaopewa shahada, asili yake ni kuikhitimisha Kurani. *Irabu*, neno linalotumiwa na wanaisimu wetu kwa sauti kama a, e, i, limetoka katika istilahi za Kiarabu ambazo watoto walizisikia chuoni. Na kitenzi *kusoma* chabeba maana mbili pamoja: kuyatamka maandishi, na kupata elimu kwa jumla. Kwa upande wa pili, *shule* ni neno tulilolipata kwa Wajerumani, na *skuli*, linalotumika zaidi Unguja na Pemba, limetoka kwa Waingereza. Basi msamiati wa kujifunza ni wa chuoni, ila jina la nyumba ya kujifunzia ni la kigeni. Mgawanyo huu wa maneno unafuata mgawanyo wa historia yenyewe.

Tuna bahati ya kuwa na maelezo ya chuo yaliyoandikwa na Mswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, ni miongoni mwa walioandika habari zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903 kwa jina la *Desturi za Wasuaheli*. Humo, katika habari za malezi, twasoma jinsi mtoto alivyopelekwa kwa mwalimu na mzazi wake. Chuo hakikuwa jengo la pekee. Mara nyingi kilikuwa baraza au chumba katika nyumba ya mwalimu. Watoto wa umri mbalimbali walikaa pamoja juu ya majamvi, na kila mmoja alikuwa na ubao wake, ambao mwalimu aliuandika kwa wino unaofutika kwa maji.

Ubao huo ndio kiini cha maneno yetu. Mtoto alianza na herufi peke yake, akaja kwenye herufi na irabu zake, kisha akaunganisha silabi, na ndipo alipoingia katika sura fupi za Juzuu ya Amma. Hakufutiwa ubao wake mpaka awe amekwisha kulihifadhi lililoandikwa. Mmoja aliweza kuwa kwenye herufi, jirani yake kwenye sura, na wa tatu karibu ya kuhitimu, wote wakiwa katika baraza moja na mwalimu mmoja. Wakubwa waliwasomesha wadogo. Hapakuwa na darasa la kufaulu wala kurudia, maana hapakuwa na darasa. Aliyechelewa alikaa na ubao wake muda mrefu zaidi, na aliyekuwa mwepesi aliendelea mbele pasipo kuwangoja wengine. Kwa hiyo utayari wa mtoto haukuwa jambo la siku moja wala la umri mmoja. Ulipimwa upya kila ubao ulipofutwa.

Haifai, hata hivyo, kukisifu chuo kupita haki yake. Kwanza, mtoto alisoma kwa Kiarabu, lugha ambayo hakuielewa, na kwa hiyo aliweza kuhitimu kwa sauti nzuri pasipo kujua maana ya aliyoyasoma. Pili, bakora ilikuwa karibu ya mkono wa mwalimu, na mtoto mzito wa kuhifadhi ndiye aliyeionja zaidi. Tatu, elimu yote ilijengwa juu ya sauti na sikio. Jambo hili lilikuwa na pande mbili. Mtoto asiyeona aliweza kusikiliza na kuhifadhi sawa na wenzake, na katika nchi za Kiislamu kwa jumla wamejulikana mahafidhi wengi wasioona. Lakini mtoto asiyesikia hakuwa na mlango wa kuingilia. Ubao wake mwenyewe haukumfaa kitu, kwa sababu herufi zilizoandikwa juu yake zilifundishwa kwa kutamkwa.

Serikali ya Wajerumani ilipofungua skuli mjini Tanga katika miaka ya 1890, na Waingereza walipofanya hivyo Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, walileta hati ya Kirumi, hesabu, na pamoja na hayo mpango mpya wa kuwagawa watoto. Watoto waliwekwa katika madarasa. Darasa zima lilisoma somo moja kwa saa moja, na mwisho wa mwaka wote walipimwa kwa mtihani mmoja. Mpango huu ulikuwa na faida kubwa. Mwalimu mmoja aliweza kuwafundisha watoto wengi, na serikali iliweza kujua kila mmoja amefika wapi. Lakini kipimo kiligeuka. Zamani ubao ulimngoja mtoto. Sasa mtoto alitakiwa kulifuata darasa, na aliyeshindwa akaitwa mjinga. Wazazi wengi wa pwani hawakukiacha chuo kwa sababu hiyo. Waliwapeleka watoto wao chuoni kwanza, kisha skuli, au pote pawili kwa siku moja, na kwa njia hii chuo kikawa kwa matendo ndicho kilichomtayarisha mtoto kwa kukaa, kusikiliza na kutunza zamu, ingawa hakikupangwa kwa kazi hiyo.

Kwa watoto ambao darasa halikuweza kuwachukua kabisa, zilianzishwa shule za peke yao. Jeshi la Wokovu lilianza shule ya wasioona huko Thika, Kenya, mwaka 1946. Katika Tanganyika, Kanisa la Kianglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950, na mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Twaona hapa mfuatano uleule wa chuoni: asiyeona alitangulia, asiyesikia akafuata baada ya miaka mingi. Shule hizi ziliwatoa watoto katika giza la kutojua kusoma, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini zilikuwa chache na za bweni, na mtoto mdogo alilazimika kutengwa na mama yake na lugha ya kwao ili apate herufi. Tena, hazikumgusa yule asiye kipofu wala kiziwi, bali mwenye kuchelewa tu kusema, kushika kalamu au kutulia. Huyo alibaki katika darasa la kawaida, nyuma kabisa, pasipo jina la hali yake.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na kwa utekelezaji wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1977, Tanzania ilipokea watoto wengi mno katika darasa la kwanza kwa muda mfupi. Ndipo swali la utayari lilipodhihirika, maana watoto waliingia wakitoka katika nyumba za kila namna, na wengi wao wakisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mwalimu. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6, na Sera ya mwaka 2014 ikaifanya ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Hata hivyo sera haiwezi kujibu peke yake swali tuliloanza nalo, kwa sababu darasa la awali linaweza kuwa darasa la kwanza lililopunguzwa umri tu, watoto wote wakikariri kwa sauti moja mbele ya ubao mmoja.

Jibu moja lenye kustahili kuandikwa katika historia lilipatikana Mombasa. Wazazi Waislamu walilalamika kwamba watoto wao walikuwa nyuma ya wenzao waliopitia shule za watoto wadogo, na papo hapo hawakutaka kuwanyima malezi ya dini. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, shule ya awali ya kwanza ya mpango wa madrasa ilianzishwa huko mwaka 1986, na mwalimu aliyeongoza kazi hiyo tangu mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said. Mpango ulifika Unguja mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Shule ilikuwa mali ya jamii yenyewe. Wanawake wa mtaa walifunzwa ualimu, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo: vifuu vya nazi, makombe ya baharini, mbegu, vijiti na vitambaa. Chumba kiligawanywa pembe mbalimbali, na kila mtoto alichagua kazi yake, huku mwalimu akipita kumtazama mmoja mmoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliowalinganisha watoto wa nchi hizi tatu ulionyesha kwamba waliopitia shule za awali waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na wa shule za madrasa wakawapita wa shule nyingine za awali.

Yeyote anayeujua ubao wa chuoni hatashindwa kuona udugu uliopo. Watoto wa viwango mbalimbali katika chumba kimoja, mwalimu anayemfuata mtoto mahali alipo, na kazi inayobadilika mtoto akiwa amekwisha kuiweza: haya yalikuwapo barazani. Kilichoongezwa ni maana, mchezo na huruma, na kilichopunguzwa ni bakora. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mpango huu ni wa kigeni uliovikwa kanzu.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha. Majina ya kale ya wenye upungufu wa mwili mengi yako katika ngeli ya ki-/vi-: *kipofu, kiziwi, kiwete, kilema*. Ingawa upatanisho wake ni wa viumbe, umbo la jina lamweka mtu karibu na vitu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 neno *mlemavu* lilienea, likimrudisha mtu katika ngeli ya watu, na Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ikaenda mbele zaidi kwa kusema *watu wenye ulemavu*. Kadhalika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja lugha ya alama kuwa lugha ya kuendelezwa, na hivyo mtoto asiyesikia amepata mlango ambao chuo hakikuweza kumfungulia. Lakini kwa mtoto mwenye kuchelewa tu bado tunasema *mzito* au *mjinga*, na maneno *taahira* na *zezeta* hutumika kama matusi. Usemi wa *mtoto mwenye mahitaji maalumu* ni wa heshima, ila ni mpana mno. Haumwambii mwalimu kama mtoto huyu haoni vizuri, hasikii vizuri, au hajui Kiswahili tu. Mwalimu asiye na neno la kutofautisha hali hizi tatu atazitibu zote kwa dawa moja.

Basi wanaotunga istilahi wana kazi mbele yao, na kazi hiyo si ya mapambo. Istilahi za isimu tulizipata kwa urahisi kwa sababu chuo kilikuwa kimetuachia *irabu* na *herufi*. Istilahi za kumtambua mtoto yafaa tuzitafute kwa akina mama na walimu wa watoto wadogo, ambao kila siku husema juu ya mtoto anayechelewa kusema, anayegeuza herufi, au asiyetulia, kwa maneno ambayo kamusi zetu bado hazijayakusanya. Mwalimu wa chuo aliuliza: ubao wa mtoto huyu umefika wapi? Swali hilo lingali ndilo bora, na mwalimu wa leo atalijibu vema zaidi akiwa na maneno ya kulijibia.