Fahamu upupu: Maua ya zambarau, mwasho mkali na dawa iliyojificha kwenye mbegu

Kwa wakazi wa Kibiti na Rufiji, mkoani Pwani, upupu hauhitaji utambulisho. Ni mmea unaotambaa juu ya vichaka na kingo za mashamba, na aliyeguswa nao mara moja hausahau tena.

Utautambuaje?

Kitaalamu unaitwa Mucuna pruriens, wa jamii moja na kunde na maharage. Majani hukaa matatumatatu. Maua ni ya zambarau iliyokolea, mengine karibu na weusi, yakining'inia kwa vichala. Maganda yamejipinda na kufunikwa na vinyweleo vya kahawia. Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

Kwa nini unawasha?

Vinyweleo huchoma ngozi na kuacha kimeng'enya kiitwacho mukunaini, kinachoamsha neva za mwasho. Maganda yakikauka, upepo tu unatosha kuvipeperusha. Dawa za kawaida za mzio hazisaidii sana.

Ukipatwa, usijikune. Bandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua ili ivitoe, kisha osha kwa sabuni na maji. Vikiingia machoni, suuza kwa maji mengi na uwahi kituo cha afya.

Upupu na visa vya mtaani

Pwani, upupu unajulikana kama silaha ya visasi na utani mbaya: unanyunyizwa kwenye nguo, kitandani, hata katikati ya ngoma ili watu watawanyike. Ndiyo maana mtu akiwashwa ghafla bila kujua sababu, wapo wanaohisi kuna mkono wa mtu.

Dawa ndani ya mbegu

Mbegu zake zina levodopa, kemikali ileile inayotumika hospitalini kutibu ugonjwa wa Parkinson, unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili. Wanasayansi wa India waliitenga kwenye mbegu hizo mwaka 1937. Utafiti mdogo wa Uingereza wa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 8, ulionyesha kuwa unga wa mbegu ulianza kufanya kazi haraka kuliko vidonge.

Lakini usijaribu nyumbani

Mwaka 1989, mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 200 walichanganyikiwa akili baada ya kula mbegu hizo. Walikuwa wamekimbia vita na njaa imewabana. Kwa desturi mbegu huchemshwa mara kadhaa na maji yake kumwagwa, ila safari hiyo maji yalikuwa haba na utaratibu haukufuatwa. Kemikali inayotibu ndiyo iliyowadhuru.

Faida shambani

Ipo aina iliyofugwa, isiyowasha. Wakulima huipanda kufunika ardhi: inazuia magugu na kuongeza nitrojeni kwenye udongo, hivyo mahindi ya msimu unaofuata hunufaika.

Kwa hiyo, wa porini utazame maua yake kwa mbali. Na kama una mgonjwa anayetetemeka nyumbani, mpeleke hospitali akapimwe: kipimo cha dawa hakikadiriwi kwa kiganja.