Walikwenda Wanafunzi, Wakarudi Ndugu

Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji wa Bukoba kutoka kwa Wajerumani, yakaupora, yakaondoka. Ugomvi ulikuwa wa Ulaya. Hasara ilikuwa yetu. Wazee wetu wangeweza kuturithisha kinyongo.

Badala yake Kanisa lilipeleka vijana kusoma. Padre Laurean Rugambwa alisoma Roma kuanzia 1948 hadi 1951. Akarudi, akawa Askofu wa Rutabo, Muleba, na 1960 akafanywa kardinali. Josiah Kibira alisoma theolojia Bethel, katika Ujerumani ileile, kisha Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu, na 1977, jijini Dar es Salaam, akachaguliwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Aliyekuwa mwanafunzi wao sasa aliwaongoza.

Wapendwa, tumepokea; nasi tunadaiwa. Israeli waliagizwa kumpenda mgeni kwa kuwa wenyewe walikuwa wageni Misri (Kumb. 10:19). Mgeni akija kusoma kwetu, asibaki peke yake chumbani Jumapili. Tumkaribishe nyumbani, ale ndizi pamoja nasi. Pengine yeye ndiye atakayewaambia watu wake sisi ni nani.